Kichwa kinapoanza kuuma Horombo

Wiki ya kwanza ya Desemba, Geti la Marangu huwa na pilikapilika za aina yake. Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera ya Tanganyika kileleni mwa Kilimanjaro usiku wa Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, na siku hizi makundi ya maofisini, ya vyuoni na ya marafiki wa WhatsApp hupanga safari yao iangukie sikukuu hiyo. Pale getini utawaona: jaketi la kuazima, buti mpya ambazo hazijawahi kukanyaga tope, jinzi mbili kwenye begi, na morali iko juu. Wengi ni vijana wenye pumzi, na baadhi yao hukimbia mbio ndefu. Jambo ambalo mara nyingi hawajaambiwa ni kwamba kwenye mlima huu miguu ndiyo ya mwisho kuleta matatizo.

Kilimanjaro hauhitaji kamba wala ufundi wa kuparamia miamba. Ni kutembea tu, mpaka mita 5,895. Kwa sababu hiyo watu huudharau, na wakishaudharau hubana siku. Haya ndiyo tuliyojifunza kwa kuwapandisha watu, na zaidi kwa kuwashusha.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoamua mengi kabla hujavaa buti. Kwenye njia ya Marangu, kambi ya Mandara iko mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Kila usiku unalala mita 1,000 juu ya ulipolala jana. Ushauri wa tiba ya milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku, na uweke siku ya kupumzika kila baada ya siku tatu au nne. Njia ya Marangu kwa siku tano inakupeleka mara mbili ya kasi hiyo. Lakini kwa kuwa ina vibanda vya mbao, vitanda na magodoro, watu huiita njia nyepesi. Ni nyepesi kwa mgongo. Kwa mapafu na ubongo ni miongoni mwa njia zenye haraka zaidi.

Dawa yake ni siku ya sita. Unalala Horombo usiku wa pili mfululizo, na mchana wake unapanda hadi Zebra Rocks, au zaidi kidogo kuelekea Mawenzi, unakaa huko nusu saa, kisha unarudi kulala palepale chini. Hapa ndipo tunapoona siku ikilipiwa halafu ikatupwa: mtu anaamka, anakunywa chai, anarudi kitandani kwa sababu “leo ni mapumziko”. Mwili haujifunzi chochote kitandani. Ule mwendo mfupi wa kupanda na kushuka ndio unaouamuru upumue kwa kina zaidi na uanze kuzoea.

Njia za Machame kwa siku saba na Lemosho kwa siku nane zina faida hiyo ndani ya ramani yenyewe. Unapanda hadi Lava Tower, karibu mita 4,600, unakula chakula cha mchana hapo, kisha unashuka kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Machame ya siku sita inakunyang'anya usiku wa kambi ya Karanga, na huo ndio usiku ambao hatungependa ukose. Njia ya Umbwe tusiizungumzie kwa anayepanda mara ya kwanza. Inapanda wima mno. Mwenye nafasi na apande kwanza mlima Meru, takribani mita 4,560, siku chache kabla. Huko utatembea na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa sababu ya nyati, na ukishuka mwili wako utakuwa umeshaonja mwinuko. Siku ya ziada ina gharama, hilo tunalijua. Linganisha na gharama ya kurudi mwakani kwa kuwa uligeuzwa njiani.

Kinachotokea mwilini ni hiki. Sehemu ya oksijeni hewani haibadiliki, ni ile ile asilimia 21, ila mgandamizo wa hewa unapungua kadiri unavyopanda. Pale kilele cha Uhuru kila pumzi inakuletea takribani nusu ya oksijeni unayoipata ufukweni Dar es Salaam. Mwili unajibu kwa kupumua zaidi, moyo unadunda haraka, unakojoa mara nyingi. Usiku mwenzako anaweza kupumua haraka, akanyamaza sekunde kadhaa, kisha akavuta pumzi kubwa kama aliyeshtuka. Hilo linatisha ukiwa umelala kando yake, lakini peke yake si ugonjwa.

Kuna imani kwamba mwenyeji haugui mlima. Haina msingi. Moshi mjini iko kama mita 900 tu juu ya bahari, na aliyezaliwa hapo hana kinga yoyote ya mita 4,700. Wagumu wanaobeba mizigo wana mazoea kwa sababu wanapanda mara kwa mara, lakini mgumu aliyekaa miezi miwili nyumbani msimu wa mvua kisha akapandishwa kwa siku tano anaugua kama mgeni yeyote. Tofauti ni kwamba yeye atanyamaza, kwa kuhofia kukosa kazi safari ijayo. Kwa hiyo kiongozi mwenye akili anawakagua wagumu kila jioni kama anavyokagua wageni. Anahakikisha pia mzigo haujazidi kilo 20 zinazopimwa getini, kwa sababu huongezeka njiani, mmoja akiumwa na mizigo yake ikagawiwa wengine.

Sasa kichwa. Maumivu ya kichwa juu ya mita 2,500, yakiambatana na jambo moja kati ya kichefuchefu au kukosa hamu ya kula, uchovu usio wa kawaida, na kizunguzungu, yahesabu kuwa ni ugonjwa wa mwinuko mpaka ithibitike vinginevyo. Mara nyingi huanza saa sita hadi kumi na mbili baada ya kufika mahali papya. Ndiyo maana Horombo watu hufika saa tisa alasiri wakicheka, na saa nne usiku mmoja amekaa kitandani ameshika kichwa.

Hatua ni hizi. Kunywa nusu lita ya maji au chai, kula kitu, kaa umevaa joto na kichwa kimeinuliwa. Meza paracetamol gramu moja, au ibuprofeni miligramu 400 ukiwa umekula na huna vidonda vya tumbo. Subiri. Kikiisha kabisa na asubuhi umekula vizuri, unaendelea. Kikibaki, hupandi, unalala tena hapohapo. Kikizidi licha ya dawa na mapumziko, unashuka, angalau mita 500, na bora 1,000. Kosa kubwa ni kumeza diklofenaki kila baada ya saa chache ili kichwa kinyamaze, kisha kuendelea kupanda. Hapo umezima king'ora, moto uko palepale. Na figo za mtu aliyekauka maji hazizipendi dawa hizo.

Kuna alama zinazotumika duniani kote, mfumo wa Lake Louise, uliofanyiwa marekebisho mwaka 2018: kichwa, tumbo, uchovu na kizunguzungu, kila kimoja kinapewa 0 hadi 3. Jumla ikifika 3 na kichwa kikiwamo, ni ugonjwa wa mwinuko. Ni kipimo kizuri, ila kinategemea ukweli wa anayejibu. Ukiuliza mezani mbele ya kundi, “Jamani, mnajisikiaje?”, utajibiwa “Safi kabisa, kaka!” hata na yule aliyetapika nyuma ya jiwe. Tunajifunza kuangalia vitu visivyodanganya. Sahani: nani amesukuma chakula pembeni na kukifunika kwa kijiko. Kamba za viatu: nani anahangaika nazo. Nani alikuwa mpiga soga wa kundi na leo amenyamaza. Halafu unamfuata mmoja mmoja, pembeni, na swali la wazi: “Dada, umekojoa mara ngapi tangu asubuhi? Umekula nini?”

Kile kifaa cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni ya damu kinasaidia, kikitumiwa vizuri. Pale Kibo wengi husoma kati ya asilimia 75 na 85, namba ambazo hospitali ya mjini zingewafanya wakuwekee mtungi papo hapo. Kwa hiyo usiiogope namba peke yake. Ilinganishe na ya wenzako waliolala mahali pamoja nawe, na ya kwako ya jana. Mwenye 68 wakati wenzake wote wana 80 ndiye wa kufuatiliwa. Kidole kikiwa baridi kifaa kinadanganya, basi kipashe moto kwapani dakika tano kwanza. Rangi ya kucha inavuruga usomaji, na hina nyeusi pia, hivyo acha walau kidole kimoja kitupu kabla ya safari. Tena vifaa hivi vimeonekana kusoma juu kidogo kuliko hali halisi kwenye ngozi nyeusi. Kwa sisi hilo si jambo dogo: namba nzuri isikufanye uwapuuze macho na masikio yako. Vivyo hivyo ile rangi ya bluu ambayo vitabu vya huduma ya kwanza husema itafute midomoni. Kwa mtu mweusi itafute ndani ya mdomo, kwenye ufizi, ulimi na chini ya kucha, ukitumia mwanga mweupe.

Mambo mawili hayana kusubiri asubuhi.

La kwanza ni ubongo kuvimba. Huanza kama ulevi: mtu anavaa glovu kinyume, anajibu baada ya kitambo, anagombana na watu bila sababu, anataka alale tu. Chora mstari wa kama mita tatu ardhini, mwambie atembee kisigino kikigusa kidole cha mguu mwingine, bila fimbo, aende na kurudi. Ufanye na wewe mbele yake, ili uwe na uhakika kwamba ardhi yenyewe si tatizo. Akiyumba na kutoka nje ya mstari, anashuka sasa hivi, iwe saa nane usiku, iwe mvua. Anashuka na watu wawili, kamwe si peke yake, na si kwa kuambiwa “tangulia Horombo tutakukuta”. Aliyefunzwa na mwenye dawa humpa deksamethasoni miligramu 8, kisha 4 kila baada ya saa sita, lakini dawa ni ya kumwezesha kushuka. Akipata nafuu baada ya kuimeza, hiyo si ruhusa ya kugeuza uso juu tena.

La pili ni mapafu kujaa maji, na hili ndilo linaloua zaidi kwa sababu hufanana na mafua au uchovu. Mara nyingi hujitokeza usiku wa pili au zaidi kwenye mwinuko mpya. Mtu aliyekuwa katikati ya msafara anakuwa wa mwisho. Anakohoa kikohozi kikavu, baadaye chenye povu, pengine la waridi. Dalili ya kuishika ni moja: anahema akiwa amekaa. Wote tunahema tukipanda, lakini baada ya dakika kumi na tano za kukaa unatakiwa uwe umetulia. Asiyetulia, asiyeweza kulala chali, ambaye ukiweka sikio mgongoni mwake unasikia mchakacho kama wa nywele zikisuguliwa, huyo abebwe. Asitembee kwa nguvu, maana jitihada huongeza presha ndani ya mapafu, na baridi pia, mfunikeni. Anaweza kuwa na joto kidogo la mwili, jambo linalowafanya watu wampe dawa za nimonia na kumlaza. Oksijeni na kushuka ndizo tiba. Nifedipini ya kuachia polepole, miligramu 30 kila saa kumi na mbili, ni ya kusaidia pale ambapo hivyo viwili vimechelewa.

Kuhusu mtungi wa oksijeni, piga hesabu kabla ya kuutegemea. Wenye lita 400 ukifunguliwa lita mbili kwa dakika unakwisha kwa saa tatu na dakika ishirini. Unatosha kumteremsha mtu kutoka Kibo kuelekea Horombo. Hautoshi kumlinda mpaka asubuhi, na hauna kazi ya kumfikisha mtu kileleni. Uliza kabla ya kulipa: mtungi upo, umejaa, barakoa na kidhibiti vinafungana nao, na nani anajua kuufungua gizani akiwa na glovu? Mfuko wa mgandamizo unaojazwa kwa pampu ya mguu ni mzuri kwenye milima ambayo huwezi kuteremka haraka. Kilimanjaro si hivyo. Karibu kila mahali njia ya kushuka ipo, na kuna machela za tairi moja ambazo wagumu sita huzipokezana. Saa nzima ya kupampu mara nyingi ni saa ambayo mgonjwa angekuwa mita 500 chini.

Asetazolamaidi, ambayo wengi huijua kwa jina la Diamox, inasaidia mwili kuzoea, haifichi dalili. Kipimo cha kinga kwa mtu mzima ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Utahisi vidole vikiwasha kama mguu uliokufa ganzi, utakojoa zaidi, na soda itakuwa na ladha mbaya mdomoni. Mwenye mzio wa dawa za salfa amuone daktari kwanza, na yeyote yule aijaribu nyumbani siku mbili kabla ya safari ili asishangae akiwa Mandara. Kitunguu saumu kwenye supu ni kitamu. Tangawizi hutuliza tumbo. Hakuna hata kimoja kinachochukua nafasi ya siku ya ziada. Pombe kali ya “kupasha mwili” ndiyo mbaya kuliko zote: inafungua mishipa ya ngozi, joto linatoka, na usingizi unapunguza kupumua.

Maji, lita tatu hadi nne kwa siku, supu na chai zikiwamo. Si lazima ujaze tumbo kama pipa. Kunywa maji matupu kupita kiasi hushusha chumvi ya damu, na hilo nalo huleta kichwa na kuchanganyikiwa. Angalia mkojo, uwe wa manjano hafifu. Tatizo la kweli liko kwingine. Kibo hakuna maji, na kambi ya Barafu, ya mwisho upande wa Machame, hakuna maji. Upande wa Marangu sehemu ya mwisho ya kuteka iko juu kidogo ya Horombo. Upande wa Machame ni bonde la Karanga. Yote yanayonywewa baada ya hapo yamepanda mgongoni kwa mgumu. Kwa hiyo maji hupungua hasa pale mwili unapoyahitaji zaidi, na mpishi anaanza kubania. Mpishi mzuri hupandisha madumu ya kutosha na kuchemsha usiku. Juu huko maji huchemka kwenye nyuzi 85 hivi badala ya 100. Yaache yatokote dakika tatu na yatakuwa salama. Joto hilo hilo dogo ndilo linalofanya maharage yasiive hata umalize gesi, hivyo yachemshwe kabisa chini au yaachwe.

Hamu ya kula itapotea, hilo ni la kawaida, lakini usiache kula. Vyakula vya majimaji na wanga vinapita kirahisi kuliko nyama ya kukaanga: mtori, uji, viazi, wali na mchuzi mwepesi, bisi na chai saa kumi jioni. Kuharisha huharibu safari nyingi, na chanzo chake mara nyingi si maji ila mikono. Beseni la maji moto na sabuni mbele ya hema la chakula liwepo kila mlo, na mpishi awe wa kwanza kulitumia. Beba pakiti nne za ORS, kila moja kwa lita moja ya maji.

Nguo zimeandikwa sana, tuseme tu yanayokosewa. Jinzi na fulana ya pamba vikilowa havikauki, na vitakunyonya joto usiku kucha. Huhitaji duka la ghali: soko la Memorial pale Moshi lina mtumba wa flisi na makoti mazito mazuri kuliko mengi mapya, soma lebo ndani utafute poliesta au sufu. Usiku wa kilele vaa tabaka nne juu na tatu chini, glovu nyembamba ndani ya glovu kubwa za mfuko, ambamo vidole vinne hukaa pamoja. Soksi mbili nene ndani ya buti inayobana ni njia ya uhakika ya kugandisha vidole, kwa sababu damu haipiti. Buti iwe na nafasi ya unene wa kidole kisiginoni ukisukuma mguu mbele. Begi la kulalia liwe la nyuzi 10 chini ya sifuri au zaidi; yanakodishwa Moshi, lifungue ulikague zipu kabla ya kulipa. Mtu anayetetemeka bado anapigana na baridi. Akiacha kutetemeka wakati bado ni baridi na anaongea kwa kuburuza maneno, amezidiwa: mvue vilivyolowa, mwingize ndani ya begi kavu na chupa za maji moto kwapani na kinenani zikiwa zimefungwa kwenye soksi, na mumpe kitu kitamu cha moto ikiwa anameza vizuri.

Na tafadhali, jiko lisiingie ndani ya hema la kulala, liwe la gesi, mafuta au mkaa. Hewa ya sumu inayotoka haina harufu, huleta kichwa na kichefuchefu kama mwinuko, kisha hulaza watu wasiamke. Wagumu wanaolala ndani ya hema la jikoni ndio walio hatarini zaidi. Jiko lizimwe, mlango ufunguliwe mpaka hewa ibadilike, ndipo watu walale.

Usiku wa kilele unaanza saa tano, chai na biskuti, na mwendo saa sita. Kutoka Kibo unapanda changarawe hadi Gilman's, mita 5,685, halafu ukingoni mwa kreta hadi Stella na Uhuru. Mwendo sahihi una kipimo: uweze kusema sentensi nzima bila kukatisha. Hilo ndilo “polepole” tunalolirudia mpaka watu wanacheka. Vituo viwe vifupi, dakika mbili tatu, kwani ukikaa kumi unaganda. Chupa ya maji iweke kichwa chini ndani ya soksi nene, maana barafu huanzia juu, na ukiigeuza mdomo wake utakuwa wazi. Mpira wa mfuko wa maji wa mgongoni utaganda kabla ya saa tisa, usiutegemee. Betri na simu zikae kifuani, na taa ya kichwani iwekewe betri mpya usiku ule ule. Tende hutafunika hata kwenye baridi. Chokoleti hugeuka jiwe, ikate vipande vidogo tangu mchana.

Wekeni saa ya kugeuka kabla hamjaondoka, wote mkiwa na akili timamu. Sisi tunapendelea saa tatu asubuhi: popote ulipo, unageuka. Jua likipanda changarawe iliyoganda inalegea, hatua moja inakuwa mbili, na wewe umekuwa macho tangu jana. Upande wa Western Breach, njia ya kilele ya upande wa magharibi, sababu ni kubwa zaidi. Barafu inayoshikilia mawe huyeyuka, mawe yanaachia. Januari 2006 yaliporomoka na kuua wapandaji watatu wa Marekani. Kileleni dakika kumi na tano zinatosha. Usivue glovu zote kwa ajili ya picha, na miwani usiivue kabisa. Mionzi ya jua inayounguza huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila mita 1,000, na weusi wa ngozi haulindi macho wala midomo.

Majeraha mengi ya miguu hutokea wakati wa kushuka, sio kupanda. Kata kucha za miguu siku mbili kabla, kaza kamba za buti kwenye kifundo ili kidole kisigonge mbele, refusha fimbo kwa sentimita tano hadi kumi, piga hatua fupi.

Wapo wasiopaswa kupanda kabisa, na hili tungependa lisemwe kwa sauti zaidi hapa kwetu. Mwenye selimundu asipande; upungufu wa oksijeni huchokoza maumivu makali na unaweza kuua. Hata mwenye chembe ya kurithi ya selimundu ambaye haumwi, na hajui kama anayo, anaweza kupata maumivu makali ubavu wa kushoto chini ya mbavu, ambako bandama hukosa damu. Kipimo kinapatikana hospitali nyingi, kifanye. Mjamzito asubiri. Aliyeugua malaria majuzi na damu yake iko chini asubiri ipande. Mwenye kikohozi cha kifua asubiri kipone. Mwenye kisukari ajue insulini ikiganda imeharibika na mashine ya kupima sukari hugoma kwenye baridi. Vyote alale navyo ndani ya begi.

Wengi huunganisha mlima na mbuga. Anza na mlima. Ukianza na mbuga unaweza kuwa umeshaumwa na mbu, na homa ikakukuta Barafu ambako kila kichwa kinachouma hupewa jina la mwinuko. Aliyepiga mbizi kwa mtungi Zanzibar apumzike saa 24 kabla ya kupanda ndege au mlima. Tarangire na Serengeti ya magharibi zina mbung'o, ambao huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi na hawajali sana dawa za kujipaka. Vaa kaki au rangi ya udongo, mikono mirefu. Ukingo wa Ngorongoro uko zaidi ya mita 2,200, baridi yake usiku huwashangaza waliokuja na kaptula. Kambini usiku usitoke hemani bila tochi na bila kumulika pande zote kwanza, na hema lifungwe zipu hadi chini. Ndani ya gari, mkanda: barabara za changarawe huua watu wengi kuliko simba.

Ukirudi nyumbani, homa yoyote kuanzia wiki moja baada ya safari na hata miezi kadhaa baadaye ipimwe malaria siku hiyo hiyo, hata kama ulimeza dawa za kinga. Mwambie mhudumu ulikuwa mbuga gani na lini, na kama uliumwa na mbung'o umwambie pia, kwani malale hayaonekani kwenye kipimo cha haraka cha malaria; huhitaji mtaalamu aitazame damu kwa darubini akijua anachokitafuta.